Mayai Sita ya Bi Mkubwa

Kwa Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu hapo ghalani kwako. Hujambo? Mafua yamekuachia? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara nne kutazama kipimajoto cha sanduku la chatu. Uliponipa jina la Kiherehere hukunionea.

Mayai yote sita yalianguliwa jana. Watoto ni wazima, na mmoja ameshanitafuna kidole. Lakini wote ni kahawia. Mweupe hakuna.

Najua ulivyomsubiri. Ulinieleza mwenyewe kwamba dume letu ni jeupe, na jike letu Bi Mkubwa, ingawa kahawia, ameficha weupe wa mama yake; kwa hiyo kila yai ni kama kurusha sarafu. Ukaapa kwamba siku akizaa mweupe utaacha kazi, urudi tufuge pamoja.

Daktari wa mifugo kanishauri nikuambie ni bahati mbaya tu, kwamba sarafu huweza kuanguka upande mmoja hata mara sita. Nusura nikuandikie hivyo. Ungeniamini, ukangoja mwaka mwingine ukibeba magunia.

Dada, si bahati. Kwenye ile baridi ya mwaka jana nilichomoa plagi ya joto la sanduku ili nipige pasi shati la usaili, nikasahau kuirudisha siku tatu. Bi Mkubwa akaanza kukoroma kifuani. Daktari alimdunga sindano, wapi! Alikufa mikononi mwangu. Nikaogopa, nikanunua jike mwingine anayefanana naye, nikampa sanduku lake na jina lake. Ndiyo maana picha zote nilizokutumia ni za upande wa mkia. Huyu hana doa la shingoni kama la Bi Mkubwa, wala hakuficha weupe wowote.

Hawa sita wamebeba weupe wa baba yao kwa siri, lakini damu ya Bi Mkubwa hawana hata tone. Nimekukosea, na naona aibu.

Mama anakusalimu sana. Yeye nimeshamwambia, amenikasirikia tangu asubuhi. Nisalimie shemeji.

Humu ndani ya bahasha nimekunja gamba la mwisho alilojivua Bi Mkubwa. Lifungue taratibu, ni jepesi mno. Ukiliinua dirishani, doa lake utaliona.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere