Jani Ulilotuma Pangani

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua siwezi kuisikia tena marahaba yako, lakini nikianza barua bila kukuamkia utauliza, hata huko uliko, huyu mtoto alilelewa na nani.

Ninakuandikia kutoka Pangani, nimekaa kwenye kibaraza cha karakana yangu, kipande cha ubao wa mvule kiko magotini badala ya meza. Ni saa saba mchana. Watu wa hapa wakishakula hujilaza, na anayegonga nyundo saa hizi huonekana hana adabu. Nilipofika nilikuwa nagonga tu. Siku moja mama jirani akaniletea sahani ya muhogo, akasema, "Kula, fundi, ili tupumzike sote." Tangu hapo nimejifunza kunyamaza. Najua ungecheka, wewe uliyekuwa ukituambia kwamba anayelala mchana anawalimia nyani.

Kabla sijafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nataka tukumbuke kidogo. Nilikuwa na miaka kama saba kifua kiliponibana mara ya kwanza. Ulikuwa mwezi wa baridi, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka ndani ya migomba yetu, nami nikawa navuta pumzi haiji. Ulinifunga mgongoni kwa shuka, kama afanyavyo mwanamke, ukaanza safari ya hospitali ya misheni. Njiani tulikuta wanaume wanazibua mfereji. Mmoja akakuita, "Yosia, umejifungua lini?" Ukamjibu, "Leo asubuhi," na hukusimama. Sikio langu lilikuwa mgongoni kwako, na nilisikia jinsi ulivyokuwa ukihema. Nikafikiri wewe nawe unaumwa kama mimi.

Hukuwa mtu wa maneno matamu. Ulipokosea hukusema umekosea. Nakumbuka ulivyonichapa kwa ajili ya yule mbuzi aliyekula miche ya kahawa, kisha ukagundua kwamba ni kaka yangu ndiye aliyeacha zizi wazi. Ulichoma ndizi kwenye makaa, ukaiweka karibu na mkono wangu, ukaenda zako shambani. Niliila huku nimenuna. Ilikuwa tamu, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Vita vya Wazungu vilipokwisha nilishuka mjini Arusha kujifunza useremala kwa Kalasinga. Ulikubali kwa sababu ulihesabu kwamba kijana akishajua kazi ya mikono atarudi kuijenga upya nyumba ya kihamba, shamba letu la urithi. Siku za soko ulikuja karakanani ukiwa umechafuka vumbi la barabara ya Moshi, ukaketi juu ya gogo, ukakagua kazi yangu. Kiti changu cha kwanza ulikizunguka mara mbili. "Kina miguu ya ndege," ukasema. "Mtu mzima akikalia kitaruka." Bwana wangu wa kazi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kupima kwa futi, akakuambia, "Mzee, toto yako mkono mzuri sana." Ukamjibu, "Mkono nilimpa mimi. Kifua ndicho sijui alikitoa wapi."

Niliupenda ule mji, Baba. Watu hudhani aliyehama mji aliuchoka. Mimi nilipenda kelele zake, harufu ya viungo kwenye maduka ya Wahindi, Wamasai wakija kununua bati, na mlima umesimama nyuma ya yote kama mzazi anayesubiri mtoto amalize mchezo. Huko ndiko nilikompata Agnesi, binti wa Kibondei kutoka huku Pangani, aliyekuja Arusha kumlelea dada yake mtoto. Ulimkubali haraka kuliko nilivyotegemea. Ukamwita "mama" tangu siku ya kwanza. Kilichokushinda ni samaki wake wa nazi. Ulisogeza sahani ukasema, "Mkwe wangu, nisamehe, siwezi kula kitu kinachonitazama." Agnesi alicheka mpaka akaketi chini. Safari iliyofuata alimkata samaki kichwa, na bado hukula.

Lakini mbao tulizokuwa tukipasua kwa Kalasinga ni mtarakwa, na vumbi la mtarakwa lilikuwa linanimaliza. Nilifika mahali nikawa siwezi kuvuka uwanja wa soko bila kusimama mara tatu. Daktari wa serikali alinisikiliza kifua, akaniambia vumbi lile na baridi ya Meru havinifai, nikitaka kuishi nikatafute pwani. Agnesi alikuwa na mjomba Pangani mwenye chumba kitupu. Hiyo ndiyo habari niliyopanda nayo kuja kukwambia.

Hapo ndipo tulipoharibu, mimi na wewe. Kaka zangu walikwishapata vihamba vyao. Mimi ni kitindamimba, na kwetu kitindamimba ndiye wa kubaki na nyumba ya baba, kuwatunza wazee na kuwazika. Nililijua hilo, na nililisema kwa haraka, nikiwa nimesimama, kama mtu anayewahi gari. Wewe ulikuwa unanoa panga. "Mlima uliokuzaa ndio unaokuua?" ukauliza. Nikasema daktari amesema. Ukaniuliza, "Daktari ndiye aliyekuzaa?" Nami, Baba, nikajibu jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kuuweka uso wangu. Nilisema, "Nyumba hii unaipenda kuliko uhai wangu."

Uliweka panga chini. Ukasema taratibu, "Nenda. Ila nikifa, usije kunizika."

Tukaondoka. Sitakudanganya kwamba nililia. Nilikuwa na hasira iliyonitosha mpaka Tanga, na iliyobaki nikaimalizia kwenye lori la kuja Pangani. Mji wenyewe ungeudharau. Barabara moja, maboma ya zamani yanayobanduka chokaa, minazi, na watu wanaoulizana hali mpaka mtu asahau alikokuwa akienda. Wiki mbili za kwanza nilikuwa najiuliza nimefuata nini. Kisha siku moja tulivuka mto kwenda Bweni, ng'ambo, ambako kuna kilima cha kupanda. Nilikipanda chote. Nilipofika juu ndipo nilipogundua kwamba sikusimama hata mara moja. Agnesi alikuwa nyuma, anahema, ananiangalia. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe.

Na wanasema mto huu wa Pangani unakusanya maji ya Kilimanjaro na ya Meru, kwamba yale yanayopita Usa River, chini ya kwetu, huishia hapa. Sijui. Maji hayana cheti. Lakini nilikuwa nikioga ninafikiri labda haya yalipita kwenye mfereji wako, uliyafungulia asubuhi ukiwa umenikasirikia, nayo yakaja hivyohivyo.

Mwaka wa pili kikafika kikapu. Kililetwa na lori kutoka Tanga, kikiwa kimetoka Usa River kwa gari la moshi. Mimi nilikuwa nimekwenda kutia milango kwenye nyumba ya mtu shambani, Agnesi ndiye aliyekipokea. Niliporudi jioni nikakuta ndizi zimepangwa mezani, zile ndefu za kwetu, zimefika salama kwa jinsi zilivyofungwa vizuri kwa majani makavu. Agnesi akauliza, "Ni baba mkwe?" Nikasema, "Baba? Huyo hawezi. Huyu ni Mama, ametuma kwa kificho." Nikazila. Kwa kuwa niliamini Mama ametuma kwa kificho, sikuandika kushukuru, nisije nikamtia matatani. Nilijiona nina busara sana.

Miezi michache baadaye ikaja simu ya upepo kutoka kwa kaka: umefariki. Ulinikataza nisije, nami nikaja. Nilifika wakiwa wamekwisha kuteremsha sanduku, nikatupia udongo nikiwa na begi begani. Siku ya tatu ya matanga Mama aliniita nyuma ya nyumba. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja, "Mwanangu, baba yako alikutumia isale. Kwa nini hukujibu?"

Isale, Baba. Jani lile la mipakani, ambalo mtu akikuletea limefungwa fundo, basi anakuomba msamaha, na hakuna aliyelelewa mlimani kwetu anayethubutu kumkatalia. Nimeona majirani waliopigana kwa mapanga wakinyamazishwa na jani moja. Lakini sijawahi kuona mzazi akimpelekea mtoto. Mama akaniambia ulilifunga mwenyewe, ukaliweka juu kabisa ya ndizi ili liwe la kwanza kuonekana. Akataka kumtafuta mtu aniandikie barua, ukamkataza. "Anajua maana yake," ulimwambia. "Akitaka, atajibu." Kila siku ya gari la moshi ulishuka Usa River kumuuliza karani wa stesheni kama kuna neno kutoka Pangani. Uliposhindwa kutembea ndipo ulipoacha. Na hata hapo ulisema niachwe, kwamba nina haki.

Sikuwa nimeliona, Baba. Hilo ndilo nililoshikia kalamu kukuambia, na limechelewa kwa namna isiyofaa kusemwa.

Kifua kilinibana palepale, hata wakadhani patakuwa na makaburi mawili. Mama ndiye aliyenisukuma nirudi nikapumue.

Niliporudi Pangani nilimuuliza Agnesi kama ndani ya kile kikapu kulikuwa na jani bichi. Akafikiri. "Lile refu, lenye fundo? Nilidhani ni kamba. Nililifungua nikafungia mlango wa banda la kuku, likakaa siku mbili tatu, likanyauka, nikalitupa. Lilikuwa la nini?" Nikamtazama. Kwao hakuna isale. Alifungua fundo lako kwa vidole vyake mwenyewe, akiimba, namjua, huwa anaimba. Nikamjibu, "La kufungia tu."

Nikakaa na uongo huo karibu mwaka mzima. Nilijiambia ninamwonea huruma. Ukweli ni kwamba nilikuwa na mahali pa kuweka lawama bila kuitaja, na nilipokosa raha nilimwangalia kwa jicho ambalo hakujua limetoka wapi. Kumbe kosa halikuwa lake. Yeye hakujua jani. Mimi sikumjua baba yangu. Agnesi aliponiuliza ni nani aliyetuma, nilisema "huyo hawezi", na kama ningedhani unaweza, ningefukua kila jani la kile kikapu. Tena nilikuwa nimekwishaila ndizi ya kuchoma ya mtu yuleyule, nikiwa mtoto. Ningepaswa kukutambua.

Mwezi uliopita nikamwambia yote. Alikuwa anapeta mchele. Aliuweka ungo chini, akajipangusa mikono. Kisha akasema, akiniita kwa jina la mwanetu, "Baba Yosia, mwaka mzima nimemwombea baba mkwe bila kujua nilichomfanyia. Umeniacha nisimame mbele ya Mungu kama mjinga." Baadaye akauliza, "Na hilo neno la kujibu, kwa desturi yenu, linapelekwa kwa miguu au kwa barua?" Nikamwambia kwa miguu, na anayejibu husimama mbele ya aliyeomba. Nikaongeza kwamba mimi siwezi kupanda huko mwezi huu wa baridi, tusubiri jua. Akasema, "Mzee alisubiri vya kutosha."

Basi, Baba, sikia jibu langu. Jani lako limefika. Yameisha. Sina neno na wewe, wala sikuwahi kuwa nalo ambalo ningelishikilia mbele ya isale yako. Nami kwa lile nililolisema ukiwa unanoa panga, nakuomba. Wewe ulikuwa unanipenda kwa lugha ya kihamba, mimi nikataka uniambie kwa lugha nyingine. Sitarudi kukaa huko. Nitaishi hapa, kwa sababu hapa ninapumua, na nadhani yule aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali, hicho ndicho alichokuwa anakitaka. Kaka amekubali kuitunza nyumba na Mama. Yosia wetu, mwenye jina lako, ana kifua kizima, na siku moja mlima ukimwita sitamzuia.

Nimebakiwa na moja. Barua hii sikuiandika isomwe na mchungaji wala na kaka. Agnesi alinisihi nisilifiche fundo alilolifungua, akasema kama litasomwa basi lisomwe na yeye. Kwa hiyo sauti unayoisikia sasa, hapo ulipolala, ikikwama kwenye maneno, ni yake. Amesafiri siku mbili na mtoto mgongoni kuja kusimama mbele yako.

Na wewe Mama, najua umeketi hapo karibu. Yeye hawezi tena kujibu. Mjibu mkwe wako kwa niaba yake.

Mwanao, kitindamimba wako,
Anaeli