Nitemee Mate Kabla Sijavuka

Baba yangu mpendwa,

Hamjambo huko Kibugu? Mgongo wa Mama umepoa? Na chai, baridi haikuichoma mwaka huu? Mimi ni mzima, ila nimekauka kama muhindi uliosahaulika juani.

Nakuandikia kwa sababu simu zetu zimechukuliwa, na hata kabla hazijachukuliwa ulikuwa hupokei yangu. Mwenzangu anayekwenda likizo Embu ndiye atakayekuletea hii.

Tuko nyanda za chini, ng'ambo ya Meru, kwenye miiba na vumbi. Asubuhi tunakimbia na bunduki, mchana tunatambaa kwa tumbo. Sajenti wetu ni mtu wa Nkubu, huko Meru. Akikasirika Kiswahili humkimbia, hutukaripia kwa Kimeru, kama kusema: "Wewe Nyaga, unalala?" Silali, Baba. Nikilaza shavu mchangani nasikia harufu ya chai mbichi, sijui inatoka wapi. Juzi nikilenga shabaha nilimwona Mama akipita na kikapu mgongoni, polepole, mpaka filimbi ikalia. Sikufyatua hata risasi moja. Wee, walinicheka!

Mlima wetu wa huko nyumbani tunauona pia, lakini huku umetugeuzia mgongo, kama mtu unayemjua ukimwona kwa nyuma. Unatokea alfajiri, jua likipanda unajifunika mawingu. Mimi hukaa nikiutazama, nikijua nyuma yake uko wewe na koti lako la mvua, unachuma.

Sasa neno lenyewe. Wiki ijayo tunavuka mpaka kwenda vitani, Somalia. Naogopa, Baba. Wenzangu wa kwetu walitemewa mate ya baraka kifuani na baba zao. Mimi niliondoka umenipa kisogo, ukisema mwana wa kiume wa pekee haendi kuuza damu yake. Najua ulikuwa uchungu tu. Lakini sitaki kuvuka hivi.

Sikuombi uipende kazi hii. Mlima ukifunguka asubuhi, kabla hujashika kikapu, utazame, uteme mate kidogo upande wake. Mimi nitakuwa upande wa pili, nimefungua vifungo vya shati.

Nisalimie Mama, mwambie asilie mapema. Nisalimie dada yangu Wanja na watoto anaowafundisha nasari, na shangazi wa duka la nyama, aniwekee mbavu.

Hata ukikataa, Baba, sitajua. Kwa hivyo kila asubuhi nitafungua vifungo tu.

Ni mimi mwanao,
Nyaga