Kibuyu cha Kiapo

Kabuyange, mwaloni
4 Novemba 2024

Kwa mke wangu mdogo Honorata,

Nakupigia makofi ya salamu kama ilivyo kwetu, nawe nijibu hukohuko Gungu, majirani wakushangae. Mimi mzima, na meno yangu manne yote yapo. Wewe je? Huyo kijana wa bodaboda anayekupeleka maabara kila asubuhi, umeshamwambia kuwa una mume mwenye wivu huku ziwani?

Sasa habari kubwa. Jana nimepiga watu watano peke yangu! Wawili niliwatupa majini, watatu walikimbia huku wakiwaita mama zao.

Haya, ni uongo. Niliyepigwa ni mimi. Na aliyenipiga ni mmoja tu, tena mwanamke: Veneranda, yule mjane jirani. Na meno ni matatu.

Kisa ni hiyo kazi yako. Uliniambia nining'inize vifurushi vya bandeji, kimoja ziwani na vingine kwenye kijito, karibu na pale kinapoingia ziwani, vikae majini, kisha nivitie kwenye chupa, nimpe Yona wa boti akuletee. Ulisema bandeji hunasa wadudu wa kipindupindu kabla hawajatunasa sisi, kama wavu unavyonasa dagaa. Nikakubali. Mtu aliyefukuzwa darasa la nne kwa kumtania mwalimu, leo mtafiti! Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Lakini mke wangu, hebu kitazame kifurushi chako kwa macho ya watu wa hapa. Kitambaa cheupe, fundo, uzi mweusi, jiwe ndani, kimezamishwa mahali watu wanapochota maji. Hata mimi ningekikuta bila kujua ni nini, ningejikojolea.

Veneranda alikivua kwa ndoo yake. Na wiki ileile alikuwa amemzika kitinda mimba wake, aliyetapika na kuhara maji matupu mpaka akakauka kama dagaa wa juani. Aliniona nikija na chupa yangu. Akatupa ndoo, akachomoa kafi kwenye mtumbwi, akanipiga shingoni. Nikaanguka matopeni. Akanipiga mgongoni.

"Mchawi wee! Umenilia mwanangu!"

Nikamwambia, "Veneranda, samaki wa mgebuka tu ananishinda kutafuna, mwanao nitamlaje?"

Ulikuwa utani mbaya kwa mama aliyezika. Nimejua hivyo kafi lilipofika mdomoni.

Bariki, yule kiongozi wa vijana wa nyavu, amekitundika kifurushi kwenye mti wa kufungia boti, na kila apitaye anakitemea mate. Viwili vya kwanza Yona ameshakuletea, hicho ni cha tatu, na cha nne bado kimo kijitoni, hawajakiona. Niendelee au niache? Nijibu kwa mkono wa Yona, maana simu huku mpaka upande mlima na mbuzi.

Na usijisahaulishe. Uliniahidi nikimaliza vifurushi vitatu utakuja kunikata kucha za miguu. Sasa hivi ningeweza kulimia mihogo.

Mimi mumeo mkuu,
Babu Gervasi


Gungu, Kigoma
7 Novemba 2024

Shikamoo babu,

Makofi nimeyasikia na nimeyajibu. Mimi sijambo. Barua yako niliisoma nikicheka mpaka nilipofika kwenye kafi. Shingo inageuka? Unaona vizuri? Tafadhali jibu hayo bila mzaha, walau mara moja.

Majibu yametoka. Kifurushi ulichoweka ziwani hakina kitu. Cha kijitoni kimejaa wadudu wa kipindupindu. Kwa hiyo ugonjwa unateremka na kijito. Kule juu wameweka kambi ya waanikaji dagaa, watu wengi, choo hakuna, na mvua ikinyesha kila kitu kinashuka mpaka kwenye ndoo zenu. Babu, waambie watu waache maji ya kijito kabisa.

Nimempa Yona kopo la vidonge vya kutibu maji. Kidonge kimoja kwa ndoo, kisha msubiri nusu saa. Si dakika tano. Najua haraka zako. Kidonge hakiui wadudu papo hapo, kinahitaji muda wake.

Kifurushi cha nne usikiguse, na Yona asibebe chupa tena. Jumanne nakuja mwenyewe na wenzangu, na mahema na dripu. Nitawaeleza watu mimi.

Kucha nazikumbuka. Nimeogopa tu kusema.

Mjukuu wako, na mkeo ukipenda,
Honorata


Kabuyange
10 Novemba 2024

Honorata,

Usije.

Leo sipigi makofi. Nitakueleza, na utaelewa.

Yona alipotia nanga, Bariki na vijana wake walikuwa wanamsubiri. Asubuhi hiyo tulikuwa tumeosha maiti mbili, na kifurushi cha nne walikuwa wamekiona. Wakampokonya Yona barua na kopo. Bariki akasoma kwa sauti pale uliposema cha kijitoni kimejaa wadudu, akaichana vipande.

"Mmesikia? Wamejuaje kilichomo kama si wao waliotia?"

Vipande nimeviokota baadaye, nimevigandisha kwa ugali. Ndiyo maana barua yako sasa ina siafu.

Walimpiga Yona kwa makafi, wakamfunga kwa kamba ya nyavu kwenye ubavu wa boti yake. Kopo lilipasuka, vidonge vikamwagika mchangani. Kisha wakaja kwangu, wakaniburuta kwa miguu, wakanitupa kifudifudi palepale. Mkono wangu ukaangukia vidonge. Nikafumba kiganja.

Mzee Isaka, yule mwenzangu wa bao, akasema wasituchome bila kiapo. Akakamulia kile kifurushi cha nne kwenye kibuyu, akajazia maji ya kijito. "Gervasi anywe. Moyo ukiwa safi ataishi. Akikataa, tunawachoma wote wawili ndani ya boti." Petroli ilikuwa imeshamwagwa. Mama wee! Nimecheza bao na mtu yule miaka yote, leo ananitafutia kifo na bado anajiona amenitendea haki.

Nilijua kilichomo, maana Bariki alikuwa ametusomea. Mwenye moyo safi na mwenye moyo mchafu, wote wangehara sawa.

Nikakipokea kibuyu kwa mikono miwili, kwa adabu, na vidonge vitatu vikateleza ndani. Sasa ikabaki nusu saa, ile uliyonihubiria tangu Pasaka. Nikasema, mzee haapi bila kuwaita waliotangulia. Nikaanza na babu wa babu yangu. Nikawataja wake zake, mashamba yake ya Kalinzi, mbuzi wake aliyekuwa na pembe moja. Nikaimba. Nikakohoa. Wengine wakacheka.

Bariki hakucheka. "Kunywa, mzee!" Nami nikijibu, "Bado sijafika kwa mashangazi," yeye anamgeukia Yona na kumpiga. Hivyo ndivyo ilivyokwenda, mke wangu. Kila jina nililoongeza, Yona alilipa. Mbavu nilizisikia zikivunjika kama kuni. Jicho moja likatoka.

Nikataka kunywa hapohapo, potelea mbali. Lakini Yona alikuwa ameuona mkono wangu tangu mwanzo. Akatema damu, akasema, "Babu, bibi yako hujamtaja." Bariki akampiga kwa kusema. Akasema tena, "Na dada zake."

Nikawataja. Wote.

Kisha nikanywa mpaka tone la mwisho, harufu ya dawa ikanichoma pua. Wakaketi kunitazama mpaka jua likakaribia kuzama Kongo, wakaona nimesimama. Wakamfungua Yona. Alikufa kabla hatujamfikisha kwangu, kichwa chake mapajani mwangu.

Na bado hujasikia baya zaidi. Mimi sijaugua, basi watu wanasema, "Mzee Gervasi amekunywa maji ya kijito na uchawi juu, na ni mzima. Maji yetu ni safi." Wanayachota na kuyanywa kwa makusudi, wanawapa watoto, wakilitaja jina langu. Nikisema ukweli kwamba niliwachezea kiapo, ile petroli bado ipo.

Kwa hiyo usije. Wakikuona wewe, hakutakuwa na kibuyu.

Babu yako


Kibirizi
12 Novemba 2024

Shikamoo babu,

Namlilia Yona tangu mchuuzi wa dagaa aniletee barua yako. Barua hii naituma kwa mkono wa dada yake, Restituta, anayekuja kuzika.

Nipo hapa mwaloni na mahema na dripu, wala hakuna boti inayotaka kutuleta, na polisi wanasema tusubiri wenzao. Umesalimika kwa sababu ya vidonge, babu, na kwa bahati pia. Wao hawana hata kimoja. Wanaokunywa leo wataanza kuanguka kesho na keshokutwa.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Nikikuambia sema, nakupeleka kwenye petroli. Nikikuambia nyamaza, nawaua wao. Watu wanakufa kwa kukuamini wewe, na mimi nakutaka hai. Yote mawili ni kweli, na sijui niandike lipi.

Honorata


Kabuyange
15 Novemba 2024

Kwa mke wangu mdogo Honorata,

Ningekupigia makofi lakini mkono wa kushoto umefungwa kwenye ubao wa boti, na mkono mmoja haulii. Nimepiga paja. Ulisikia?

Tulimzika Yona juzi. Umati mkubwa, na wengi wao ndio waliomuua, wamekuja na kuni na unga wa rambirambi. Ndivyo tulivyo. Pale matangani palikuwa na mtungi wa maji ya kijito na kikombe kimoja kinachozunguka. Barua yako Restituta alikuwa amenipa, nimeiweka kwenye kofia. Nilikuwa bado sijaamua. Sikudanganyi, nilikuwa naangalia njia ya kwenda Simbo, nikihesabu nani angenikimbiza.

Kikombe kikamfikia Diana, mtoto pekee aliyebaki kwa Veneranda. Akakishika kwa mikono miwili kama nilivyokishika mimi kibuyu.

Nikampiga mtoto mkono. Kikombe kikaruka, kikavunjika. Diana akalia, watu wote wakasimama.

Nikasema, "Nimewadanganya. Nilitia dawa kwenye kibuyu. Wake wa babu yangu, mbuzi wa pembe moja, yote yale ilikuwa kungoja dawa ikolee. Yona alijua, akakubali kupigwa ili ikolee. Maji haya yana kifo. Mnanyweshana kifo kwa jina langu."

Bariki alinifikia wa kwanza. Alikuwa na mchi wa kinu. Niliinua mkono kukinga kichwa, mfupa ukatoka nje. Akauinua mchi tena. Nikamwona Veneranda anakuja na lile kafi lake, nikajisemea, Gervasi, leo na meno matatu yanakwenda.

Akampiga Bariki taya. Nililisikia likivunjika. Akampiga tena alipokuwa chini, goti, kiwiko, kama anatwanga. "Mwache mzee amalize kusema!"

Hakuna aliyesogea. Akanigeukia akihema. "Hiyo dawa iko wapi?"

Mfukoni nilikuwa na vidonge nilivyochambua mchangani. Akachukua kimoja, akakitupa kwenye ndoo, akaketi kando yake na kafi magotini. "Muda gani?"

"Nusu saa."

Tukangoja. Mazishi mazima, tunaitazama ndoo. Mara hii hakupigwa mtu. Kisha akamnywesha Diana, akanywa yeye, akatazama watu mpaka wakaanza kusogea mmoja mmoja na vikombe vyao.

Walio wengi walichelewa. Isaka amekufa jana, bao letu limebaki na kete zake. Wagonjwa wamelala nyumba kwa nyumba. Bariki naye anahara, taya limefungwa kwa kitenge, na anayemtia maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko ni mimi, kwa huu mkono mmoja. Usinisifu. Kila kijiko namtajia jina la Yona, naye hawezi kujibu. Polisi wakija nataka wamkute hai wa kufungwa.

Sasa njoo. Veneranda anasema yeye mwenyewe atasimama mwaloni kukupokea, na kafi analo. Restituta anakuja kuwachukua kwa boti ya kaka yake. Ameiosha, ila ubavuni damu imekataa kutoka, usiulize ukiiona.

Wahudumie kwanza wagonjwa wote, mimi nitasubiri zamu yangu. Lakini mapatano yalikuwa vifurushi vitatu, nami niliweka vinne, na kuinama siwezi tena. Njoo na mkasi wa kucha, mke wangu. Ule mkubwa.

Mumeo mkuu,
Babu Gervasi