Gurudumu Uliloniachia

Baba Sharon,

Vitu vyako bado viko. Najua hilo ndilo ungetaka kujua kwanza.

Tulipokuzika kule Butere, ndugu zako waliniketisha wakaniambia, "Mama Sharon, kazi ya kutengeneza mota ilikuwa ya mzee. Uza vyombo, urudi nyumbani." Sikubisha. Nilirudi Kawangware nikiwa na nia hiyo hiyo. Jumamosi Otieno, mwenzako wa kibanda cha kazi, akatembea kutoka mtaa wa Raila kuja kunisaidia kupanga vitu, maana mnunuzi alikuwa anakuja Jumatatu.

Nyuma ya magunia ya waya nikakuta gurudumu la baiskeli kwenye fremu ya mbao. Lilikuwa na mkono wa kuzungushia, na mkanda wa raba ulioenda hadi kwa mota ndogo ya feni ya gari. Kwenye mota, waya mbili na balbu. Nikauliza hiyo ni ya mteja gani.

"Si ya mteja," Otieno akasema. "Hiyo ni yako. Mzee alisema umemchosha na lile swali."

Lile swali. Kila stima ikipotea nilikuwa nakuuliza, hii kitu hutoka wapi? Wewe, "Kwa posti ile ya nje." Na kwa posti inatoka wapi? "Mama Sharon, kula ugali kwanza." Nilidhani unanipuuza. Kumbe ulikuwa unanijengea jibu, ukaugua kabla hujalileta nyumbani.

Otieno alitoka nje kidogo, akajifanya anaongea na simu. Aliporudi akasema, "Zungusha."

Nikazungusha. Balbu ikaanza na wekundu hafifu, nikaongeza mbio, ikawaka kabisa.

"Lakini mota si hula stima?" nikamuuliza. "Sasa hii inatoa?"

"Ni ile ile, mama. Ukiipa stima, inazunguka. Ukiizungusha, inakupa stima. Ndani ni sumaku na shaba tu."

Kisha akachomoa waya moja. Balbu ikazimika na gurudumu likawa jepesi, likakimbia lenyewe. Nikiwa bado nazungusha akairudisha, na uzito ukanirudia mkononi, kama kuna mtu ameshika upande ule mwingine. Hapo nililia, Baba Sharon. Lakini sikuacha kuzungusha.

Ulikuwa ukisema stima haiumbwi, inageuzwa. Nilikuwa naitikia tu. Siku hiyo niliijua kwa bega. Ule mwanga ulikuwa nguvu yangu, na nguvu yangu ilikuwa uji niliokunywa asubuhi. Otieno anasema kule bwawa la Masinga maji ndiyo yanasukuma, Olkaria ni mvuke wa joto lililo chini ya ardhi, na Ngong ni upepo.

Sasa swali limezaa mengine. Kama gurudumu lilinichosha mimi, zile panga za mitambo ya Ngong nazo zinauchosha upepo? Ukishapita pale, unatoka umepungua? Otieno alishika gurudumu likasimama. "Hapo ni mzee tu angekujibu," akasema.

Mnunuzi alipokuja nilimwambia siuzi. Nikampigia shemeji mkubwa. Akauliza, "Na wewe utafanya nini na mota?" Nikamwambia najifunza. Hakufurahi, lakini hakukata simu.

Wiki iliyopita nilifunga koili yangu ya kwanza, ile shaba ya ndani ya mota, ya pampu ya maji ya ploti tunamoishi. Otieno aliikagua, akaifungua yote, akaniambia nirudie. Nikarudia. Vidole vyangu vimechubuka mahali pale pale vyako vilipokuwa vigumu. Pampu inavuta maji.

Sharon akifunga shule tutapanda Ngong. Nitasimama mbele ya panga, kisha nyuma yake, na leso mkononi, nione kama inapepea sawa pande zote mbili. Jibu nitakalopata nitakuletea Butere, hata kama ni kwamba sikuona tofauti.

Pumzika, mume wangu. Kibanda kiko wazi.

Wako,
Mama Sharon