Nyasi Zinazozunguka Mavi

Loresho, Jumatano, 14 Machi 1973. Mwaka mmoja na miezi miwili tangu nitoke kwetu Butere. Jua kali tangu asubuhi, vumbi tupu, mvua haina hata dalili.

Leo chai ya Mzee Kamau imenishinda kumeza.

Mzee Kamau ndiye anayechunga ng'ombe wa maziwa hapa shambani. Ni mtu wa papa hapa, rika la baba yangu, na tangu nifike hunipakulia githeri kabla hajajipakulia. Leo bwana shamba amemwambia mbele yetu sote kwamba Jumamosi ndiyo mwisho wake. Malisho tuliyoambiwa yatafika mpaka masika sasa yamekwisha, maziwa yamepungua, kwa hiyo, anasema, lazima mzee amekuwa akiwaruhusu majirani walete ng'ombe wao kwa siri.

Mzee akavua kofia. "Bwana, leta ile mizani ya kijana huyu unipime. Labda hizo nyasi nimezila mimi."

Wenzangu walicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Aliyepima malisho ni mimi.

Kazi yenyewe si ngumu. Kuna fremu ya chuma, ya mraba. Unaitupa nyuma ya bega bila kuangalia. Inapoanguka, unakata nyasi zilizo ndani yake kwa mundu, ukiacha urefu wa vidole vinne, maana ng'ombe halambi udongo. Unatia guniani, zinakaushwa, zinapimwa. Kutokana na hizo chache bwana shamba anakisia malisho ya uwanja mzima yatalisha ng'ombe siku ngapi.

Siku ya kwanza nilitupa sawasawa. Magunia yakarudi mepesi, na nyapara akaniuliza kama nilikuwa nimelala. Siku ya pili niligeuza shingo kidogo kabla ya kutupa.

Nilitupa penye mavi makavu ya ng'ombe. Hapo nyasi huwa ndefu, nzito, za kijani zaidi kuliko kwingine. Gunia linajaa upesi. Bwana shamba alinishika bega akasema, "Huyu anajua kazi." Nikamwandikia baba kwamba siku hizi mimi ni mpimaji.

Sasa niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Ng'ombe hali nyasi zilizoota kando ya mavi yake. Atazinusa, apite, hata akiwa na njaa. Shule niliachia darasa la tano, lakini hili sikulisoma shuleni. Baba alinionyesha kwa fimbo nikiwa sijaota meno ya pili. Nilijua. Kila nilipogeuza shingo, nilijua.

Ningekuwa mjinga ningejisamehe.

Mchana nyasi zile bado zilikuwa zimesimama, mafungu mafungu, na kila mahali pengine ni udongo. Bwana shamba hajaona kwa sababu hajui kuangalia. Mzee Kamau anajua kuangalia. Nadhani ameona.

Jioni alinisogezea kikombe cha chai. "Kunywa, mwanangu. Afadhali wewe unabaki na kazi."

Kesho asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka, nitamchukua bwana shamba nimpeleke penye mavi, nimwonyeshe kwa mkono wangu nilipokuwa nikitupa fremu. Mama nilimwandikia kwamba nitarudi Desemba. Sasa asistaajabu akiniona mlangoni Jumapili hii, akitoka kanisani.