Nyoka Aliyeatamia Nyuma ya Gunia

Karatu,
Mei, 1984

Kwako Yeyo, mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Ningekuwa karibu ningeinamisha kichwa uniguse kama ninavyofanya nikifika mlangoni kwako, lakini kwa kuwa niko mbali, pokea salamu zangu kwa karatasi hii. Habari za hapo Arash? Mgongo unaendeleaje, na wale ng'ombe waliopelekwa mbali kufuata majani wamerudi? Huku kwetu mvua imepita juu juu tu. Mahindi yalifika magotini yakaanza kunyauka, ila maharage tumepata, na baba yangu anasema hatutalala njaa. Mjukuu wako Antonia ameota meno ya juu, anauma kila kitu, hata kidevu changu.

Wifi Naipanoi, najua ni wewe unayemsomea. Nakuomba umtafsirie Yeyo taratibu, na usiruke kitu, hata pale utakapotamani kuruka.

Yeyo, tangu ulipoondoka kwetu mwaka jana ukaacha chai yako mezani, sijapata raha. Senteu alikupeleka kazini kwake, kwenye nyumba ya nyoka pale hotelini, akitaka uone kwamba mwanao ana kazi ya maana. Ulipita mbele ya vioo, ukasimama, ukajitanda shuka mpaka mdomoni. Ulimwambia neno moja tu, "Hujui umemfungia nani humo," ukatoka nje. Mimi ni Mwiraqw, nimekulia kwenye ngano na mahindi, na kwetu nyoka akionekana watu wanatafuta jembe. Ilibidi Senteu anieleze kwamba kwenu mzee wa heshima akishafariki anaweza kurudi bomani kama nyoka, awaangalie watoto. Akaniambia pia kwamba baba yake alipofariki, nyoka wa mistari alionekana karibu na zizi, na wewe ukammwagia maziwa. Alinieleza huku akitazama pembeni. Ndipo nikaelewa kwa nini chai ilibaki.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada ya hapo, maana hujayasikia na ni haki yako.

Mvua fupi zilipoanza, mkulima mmoja wa Rhotia anayeitwa mzee Piusi alileta nyoka kwenye ndoo iliyofunikwa kwa sinia. Alimkuta alipokuwa akilima shambani, na wanawe walitaka kumpiga, akawakataza kwa kuwa alisikia hotelini wanapokea nyoka hai. Alikuwa nyoka wa mistari, wa aina ileile ya kule zizini kwako. Hawa tunawaona sana kwenye majani ya juu, njia ya kuelekea ukingo wa kreta. Asubuhi jua likishika hutoka kuota kwenye vijia vya ng'ombe. Akisikia hatua hakimbii. Hujinyoosha akatulia kama unyasi mkavu, na ile mistari inamficha, mpaka ukaribie sana ndipo ateleze aende zake. Chakula chake ni panya na vyura, na hana ugomvi na mtu. Siku moja Senteu alimshika mmoja mbele yangu. Yule nyoka akatoa harufu mbaya, akageuza tumbo juu, akaacha mdomo wazi kama maiti. Tulipomweka chini tukasogea, akainua kichwa kidogo kuona kama tumeondoka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini huyu wa mzee Piusi, alipowekwa nyuma ya kioo, hakuwa na mchezo. Alizunguka kutwa akisugua pua kwenye wavu wa juu mpaka ikachubuka. Akiletewa panya anampita kama hamwoni. Senteu alirudi nyumbani, akasukuma ugali pembeni. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Yule nyoka ananiangalia kama mama alivyoniangalia."

Siku iliyofuata alikwenda akang'oa fundo la majani marefu pamoja na udongo wake, akatafuta jiwe la bapa, akampangia. Nyoka akaingia chini ya jiwe, akatulia. Baadaye akala panya wake wa kwanza. Ikafika mahali Senteu akiingiza mkono kubadilisha maji, yeye anapita juu ya vidole vyake polepole, anaendelea na safari zake. Nilidhani amezoea kabisa. Kumbe alikuwa anatafuta mahali.

Senteu alipoinua jiwe asubuhi moja, alikuta mayai meupe, laini kama ngozi, na nyoka amejiviringisha juu yake kama kata ya kubebea mtungi. Hakuna aliyetegemea. Sisi sote tulidhani nyoka hutaga akaondoka. Huyu alikataa kuondoka. Alikataa panya tena. Senteu aliposogeza mkono hakumuuma, alimsukuma tu kwa pua, kama mtu anayekuambia ngoja kwanza.

Msimamizi wao, Bwana Valeriani, alifurahi sana. Tangu mpaka wa Kenya ulipofunguliwa wageni wameanza kurudi, na aliwaza kwamba watapenda kumwona nyoka mwenye mayai. Akaagiza jiwe liondolewe. Wageni wakaja wakigonga kioo, na kila wakigonga nyoka anakaza mwili. Senteu akamwendea Bwana Valeriani, akamwomba amruhusu afunike kioo mpaka yaanguliwe. Bwana Valeriani akamuuliza wageni waonyeshwe nini. Senteu, ambaye unajua hapendi kubishana na wakubwa, akamjibu, "Waonyeshe mimi, bwana, lakini huyu mwache apumzike." Bwana Valeriani akacheka, akasema haya. Senteu akatundika gunia la maharage mbele ya kioo, na kila aliyetaka kulifunua alimkuta amesimama hapo.

Yeyo, nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana na Antonia mgongoni. Alikuwa akiinua pembe ya gunia kidogo, tunachungulia wote watatu. Nyoka amekonda, ngozi imelegea, lakini yupo palepale.

Watoto walipotoka walikuwa wembamba kama kamba za viatu, tayari wana mistari yao. Mama yao akajikunjua, akanywa maji kwa muda mrefu, na tangu hapo hakuwajali tena. Nami nilikuwa nimesubiri awalambe kama ng'ombe! Senteu akasema huyu kazi yake imekwisha, na sisi tumalize yetu. Bwana Valeriani hakukataa.

Tukapanda nao kwa gari la hoteli mpaka kwenye majani chini ya ukingo wa kreta, ukungu ukiwa bado haujainuka. Mama alitangulia, akapotea kabla sijamsogeza Antonia aone. Watoto wakamfuata, kila mmoja na njia yake. Senteu akatoa kwenye koti kibuyu ambacho nilidhani ni cha kunywa njiani, akamimina maziwa kwenye majani. Alisema maneno ya Kimaasai kwa sauti ndogo. Nilisikia jina la baba yake, na nilisikia jina lako.

Wifi Naipanoi, hapa ndipo nilipokuomba usiruke.

Yeyo, wiki ileile Senteu aliumwa na nyoka. Ni kifutu, yule mnene mwenye sumu kali, si yule wa mistari. Alikuwa akisafisha chumba cha huyo kifutu nyuma ya kioo, na kifutu kawaida yake hakimbii wala haonekani, hulala chini ya majani makavu akingoja. Mkono wa kulia ukaenda pale alipolala. Senteu mwenyewe anasema kifutu hana kosa, hata mtu akikanyagwa usingizini huruka. Hospitali walihangaika naye sana. Yu hai, anakula, anatembea, namshukuru Mungu kila nikimwona mlangoni. Lakini walimkata vidole viwili, na vilivyobaki havikunjiki vizuri.

Alinikataza kukuambia. Anaamini utasema ulimwonya. Anaamini pia kwamba nyumbani kwenu mwanaume asiyeweza kushika fimbo wala mkuki hana mahali pa kukaa. Olais, yule bwana mifugo anayepita huko kwenu, aliposimamisha gari lake la chanjo hapa mara ya mwisho, Senteu alificha mkono chini ya shuka mpaka mgeni akaondoka. Mchana hukaa nyuma ya nyumba. Nikimpa Antonia ambebe, anampokea kwa mkono mmoja, kisha ananirudishia haraka, anaogopa atamwangusha. Mimi mke wake nimesema yote ninayoyajua kusema. Yapo maneno ambayo hatayaamini mpaka yatoke kinywani mwako.

Kwa hiyo, Yeyo, nakuomba uje. Olais anakuletea barua hii, na amekubali kukurudisha naye Karatu akimaliza chanjo huko Soitsambu. Kama una hasira, njoo nazo, utazisema ukiwa umekaa. Kitanda kipo.

Nilikuwa nakaribia kufunga barua, Senteu akaingia, akasimama nyuma yangu. Akaniuliza namwandikia nani. Sikuweza kumdanganya, nikamsomea yote, hata hayo ya vidole. Alikaa kwenye kigoda akaishika karatasi, nikadhani ataichana. Halafu akasema, "Mwambie achukue shuka nzito. Mwezi huu Karatu kuna baridi, na yeye husahau."

Basi, Yeyo, chukua shuka nzito. Wasalimie Naipanoi, Nanyokie na watoto wote wa boma. Mama yangu na baba yangu wanakusalimu, na Antonia angekusalimu kama asingekuwa ameshika ncha ya kalamu yangu.

Ni mimi mkaza mwanao akungojaye,
Hyasinta