Baba Hakufa, Ulikosa Bluu Tu

Kaka yangu mpendwa,

Nakuita mpendwa kwa sababu ndivyo ulivyo, ila usidhani neno hilo limenipunguzia hasira. Kadi ya maonyesho yako ya picha imefika hapa nyumbani Buyenzi. Jirani aliyetoka huko Ubelgiji aliileta akitabasamu, akaiweka mezani mbele ya wazazi. Baba akavaa miwani, akasoma Kifaransa chako, akatufasiria kwa sauti: "Mjane wa Bujumbura." Juu ya maneno hayo ni mama yetu, ameketi mkekani kwenye kile chumba chetu cha mbele.

Mjane wa nani, kaka?

Jioni ile uliyomchora unaikumbuka. Ulikuwa wakati nchi imewekewa vikwazo, madukani hamna kitu, na risasi zinasikika upande wa milimani. Tulikuwa tumeegemeza godoro dirishani, mwanga ukabaki wa mlangoni tu. Ulikuwa na rangi za mafuta tatu, nyeusi, nyeupe na kahawia, alizokuachia mwalimu wako alipokimbia nchi. Turubai alikupa baba. Alilikata kwenye turubai la lori kule gereji, akalipigilia misumari kwenye fremu kwa mikono yake. Mama alikununia kwa sababu ulimchukulia mafuta ya taa ukazimulie rangi. Huo uso wanaousifia huko kwamba umejaa msiba ni uso wa mtu aliyeachiwa taa kavu! Mimi nilicheka mpaka ukanifukuza chumbani.

Na baba alikuwa wapi? Kando ya mama, bega kwa bega, na ovaroli yake ya bluu. Ulishamchora kwa chaki, kichwa na mikono. Nikakwambia ovaroli uipake kahawia tu, ukanijia juu: "Apana! Ile ni bluu. Mi siwezi chora uongo." Basi ukamfunika baba mzima kwa nyeusi, kisha ukamwomba radhi. Naye akakujibu, "Haina shida, mutoto wangu. Mi niko mu giza, lakini niko."

Ulimsikia. Brashi ilikuwa bado mkononi mwako. Leo giza lile umeligeuza kaburi. Kumvika baba kahawia ulisema ni uongo, lakini kumwua mbele ya wageni, hiyo ndiyo sanaa?

Wajane wa kweli wamejaa huku kwetu. Mama wa nyumba ya nyuma alimzika mumewe bila hata kuonyeshwa uso wake. Aliitazama kadi yako, akaniuliza, "Sasa ujane ni pambo?" Niliona aibu kwa niaba yako.

Mama kwanza alifanya mzaha. "Mi mujane? Na huyu anakula bugali yangu kila siku ni nani?" Tukacheka wote, na baba pia. Lakini tangu siku hiyo baba amepoa. Anatoka gereji, ananawa, anaenda kulala. Juzi, kikohozi chake cha siku hizi kilipomwachia kidogo, aliniuliza, "We, kaka yako alinionea haya?" Mtu aliyekubeba mabegani hadi shule mvua ikinyesha, leo anauliza hivyo. Nilimwambia hapana, baba, hapana. Sikujua kama nasema kweli.

Nakuomba kitu kimoja. Lifute neno hilo, mjane. Sikwambii umrudishe baba kwenye picha, ingawa huko kila rangi ipo. Andika tu kwamba huyo ni mke wa fundi wa magari, kisha mpigie baba simu umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Mpigie haraka, kifua chake si kizima.

Ukiona ni kazi kubwa, basi siku Mungu atakapomchukua usihangaike na tiketi ya ndege. Matanga yake utakuwa umeshayafanya huko, wewe na wageni wako, yeye akiwa bado anapumua.

Ni mimi dada yako,
mtoto wa baba aliye hai.